Mkunjo wa Suti ya Kijivu

Mapenzi haya yalianza kwa ugomvi wa jiwe, na mtu mwenye akili angeona dalili hapo hapo.

Mwaka ule wa sabini na sita, vitenge vilipoingia katika duka la ushirika la Mugumu, watu walipanga mawe mlangoni tangu alfajiri. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe, naye mwenyewe alikwenda zake sokoni kunywa uji. Shaaban, fundi cherehani, aliporudi alikuta jiwe lake limesogezwa nyuma, na mahali pake amesimama msichana wa gauni la maua ya njano, mkono kiunoni, kama mwenye duka.

"Dada, hapo ni mahali pangu."

"Una hati?"

"Nina jiwe."

"Mawe yamejaa Mugumu nzima, kaka. Lako lina jina?"

Foleni ikaangua kicheko. Msichana akamtazama kuanzia viatu hadi shingoni. "Na hiyo uliyovaa shingoni ni tai?"

"Ni futi ya kupimia. Nirudishie nafasi yangu nikushonee bila foleni."

"Shika nafasi yako basi," akasema, akasogea nyuma yake. "Lakini kitenge kikiisha kabla yangu, utaniachia hicho chako."

Kitenge kiliisha kabla yake. Shaaban akampa chake. Ndivyo alivyomjua Efrazia, binti wa kwanza wa Nikodemo, karani wa ofisi ya wilaya, mtu wa Nata na mzee wa kanisa. Shaaban alikuwa Mwislamu, mtoto wa wafanyabiashara wa Tarime. Hilo walilijua wote wawili tangu siku ile, na wote wawili wakajifanya hawalijui.

Wiki haikwisha Efrazia akaja na kitenge barazani kwa Shaaban. Alipokwisha kupimwa, alimpokonya futi.

"Leo na mimi nakupima wewe. Nyoosha mkono."

"Futi umeishika upande wa nyuma, mpenzi."

"Nyamaza, fundi wangu. Bega hadi kiganja... tisini! Wewe ni mtu au twiga?"

Walicheka hadi muuza chumvi wa jirani akachungulia. Mwaka mzima uliofuata magauni ya Efrazia yaliharibika bila sababu, kila juma moja, na kila juma yakahitaji fundi.

Kisha Nikodemo akapata barua. Alikuwa ameteuliwa kuwa karani katika ubalozi wetu kwenye nchi moja ya baridi huko Ulaya, miaka minne. Mji mzima ulimpongeza. Shaaban alishona nguo za safari za nyumba nzima, makoti mazito ya watoto wadogo na suti ya mzee mwenyewe, na alishona moyo ukiwa juu juu. Efrazia akaja kumtuliza.

"Mimi siendi. Waraka unataka mke na watoto wasiozidi miaka kumi na minane. Mimi nina ishirini."

"Sasa mbona na wewe una sanduku?"

"Nakwenda nao Dar tu. Tata," ndivyo alivyomwita baba yake, "amesema mtu hawezi kwenda kuona mji mkuu wa watu hajauona wa kwake. Tutatembea mji wiki tatu, nitawapungia mkono uwanja wa ndege, nitarudi. Na huko huko nitamlainisha tata. Akikubali, tunafunga ndoa bomani."

"Na asipokubali?"

"Atakubali. Mimi ndiye ninayemjua." Akamvuta sikio. "Usishone gauni la msichana mwingine kabla sijarudi."

Wakaondoka na basi la Musoma, na Shaaban akahesabu siku.

Siku ya kumi utingo wa basi alimletea bahasha yenye barua na uzi wa katani uliofungwa mafundo. Mwandiko ulikuwa wa Nikodemo. "Fundi, huku kitambaa kizuri hakuna. Tafuta cha kijivu kwa wenzako wa Tarime, ushone suti ya harusi ya Efrazia, kipimo ni hicho. Uilete mwenyewe, siamini mabasi. Nauli nitatoa mimi."

Shaaban aliisoma mara tatu, akakimbia nayo posta. Nambari ya nyumba ya wageni ilikuwa chini ya barua. Alisubiri asubuhi nzima kuunganishwa.

"Efrazia! Mzee amekubali?"

Waya ulivuma. "Shaaban... suti utaimaliza?"

"Nitaimaliza hata kwa meno! Kipimo umepima wewe?"

"Nimepima mimi."

"Kama ulivyonipima siku ile, unacheka?"

"Tata yuko hapa nyuma yangu. Shona vizuri, fundi wangu. Njoo. Utakuja?"

"Kwa magoti, kama barabara haipo."

Efrazia akaweka simu, akakaa kitini palepale mpaka mama yake alipomwita. Alikuwa na nafasi ya kusema, na neno lilikuwa moja tu. Hakulisema.

Tarime, mjomba Bushiri, aliyemfundisha Shaaban kazi, alimpatia kitambaa cha kijivu kilichopitia mpakani Sirari kwa njia ambayo hatutaiuliza. Akauchukua uzi, akaunyoosha kwenye mkono wa mpwa wake. Fundo la kipimo cha mkono lilipita kiganja, likaning'inia.

"Mura, kijana wangu, huyu mtu ni mrefu. Si wewe."

"Ni mimi, mjomba. Alinipima akicheka, futi ya nyuma mbele."

"Anayecheka ni mtu. Uzi haucheki."

Lakini nani amewahi kumwambia kitu mtu aliyeitwa kwenye harusi yake? Shaaban alikata mikono na miguu kwa urefu wa uzi, kwa sababu kitambaa kilikuwa adimu na fundi mwema hatupi hata kipande. Kilichozidi akakikunjia ndani, akakishona, akakipiga pasi ya mkaa hadi mkunjo ukanyooka kama rula. Akaivaa mbele ya kioo. Ilimkaa vizuri, mikono ikaishia penye kifundo cha mkono wake. Alisimama pale kwa furaha, peke yake, akajipongeza kwa sauti.

Basi hadi Musoma, meli hadi Mwanza, siku mbili za treni. Suti alikuwa ameifunga kwa shuka na kuipakata kama mtoto. Alhamisi asubuhi, Dar es Salaam, aliwakuta mahali walipopatana, chini ya sanamu ya Askari. Nikodemo alikuwa akiwaonyesha watoto bunduki ya sanamu, Christina mkewe amejitanda kitenge, watoto wanalamba barafu. Familia nzima ilikuwa imevaa kazi ya mkono wa Shaaban. Efrazia alikuwa na gauni la bluu aliloshonewa naye. Pembeni yake alikuwa kijana mrefu mwenye suruali ya buga, pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli nene vilivyomrefusha zaidi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi! Umefika!" Nikodemo alifurahi kwelikweli. "Huyu hapa ndiye mwenye suti. Stanslaus, tunakwenda naye kituo kimoja cha kazi huko Ulaya. Jumamosi anamchukua huyu dada yako. Hebu mjaribishe koti!"

Shaaban alimtazama Efrazia. Efrazia alitazama barafu ya mdogo wake.

Stanslaus akavua shati la juu, akavaa koti. Mabega yalikaa. Mikono ikaishia mbali na viganja, na mtoto mmoja akasema, "Amevaa la mdogo wake!" Watoto wakacheka.

"Fundi, ni nini hiki?" Nikodemo akapandisha sauti. "Sikukutumia uzi?"

"Ulinitumia, mzee."

"Sasa hii umemshonea nani?"

Christina ndiye aliyetazama mikono ya koti, kisha mikono ya fundi, kisha uso wa binti yake. Wanawake huona haraka. "Baba Efrazia," akasema taratibu, "wapeleke watoto wakaone soko jipya la Kariakoo. Stanslaus mwanangu, nenda nao. Mimi na Efrazia tutabaki na fundi."

Walipoondoka, Christina naye akasogea hatua kumi, akawapa mgongo.

"Uzi ule ulimpima yeye," Shaaban akasema.

"Ndiyo."

"Siku ya simu ulijua ninafikiri nini."

"Nilijua."

"Ukaniacha."

Efrazia alikuwa akilia sasa. "Sikuwa kwenye orodha, Shaaban! Wote wanaondoka. Mimi nirudi Mugumu peke yangu nikapange mawe dukani? Tulizunguka huku, nikaona ndege, nikaona mambo. Kisha Stanslaus akaja kwa tata kuniposa. Mke ana tiketi."

"Mwaka mzima, nimeshindwa na tiketi."

"Nakupenda wewe. Mpaka sasa."

"Usinipe hilo, sina pa kuliweka. Niambie jingine. Ungeweza kusema niitume kwa treni. Kwa nini ulisema njoo?"

"Nilitaka nikuone mara moja tena."

"Wewe ulitaka kuniona. Na mimi, Efrazia, ulitaka nione nini?"

Efrazia akajifuta machozi kwa mkono wa gauni la bluu.

Shaaban alimwita Christina. "Mama, urefu upo. Nimeukunjia ndani. Nipatie wembe na pasi."

"Mwanangu, si lazima."

"Kazi ni kazi. Jina langu ndilo lililo ndani ya kola."

Alikaa kwenye veranda ya nyumba ya wageni mchana kutwa, akifumua alichokishona kwa furaha. Aliteremsha mikono na miguu hadi kwenye kipimo cha uzi. Christina aliloweka kitambaa, akapiga pasi, akapiga tena. Mstari haukutoka. Ulibaki umezunguka kila mkono wa koti, palepale koti lilipoishia kwenye kifundo cha mkono wa Shaaban.

"Hautoki," Christina akasema.

"Hautoki, mama. Kijivu hakisahau."

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku yao ya mwisho ya kutembea mji, nao walikuwa Mnazi Mmoja kupiga picha mbele ya Mnara wa Mwenge. Nikodemo alimlazimisha fundi aje aione suti juani. Stanslaus, ambaye hakuwa amekosa lolote, alimshika mkono. "Kaka, umenikosha. Nitaivaa hata huko kwenye theluji."

"Ivae," Shaaban akasema. "Ni kitambaa cha kudumu."

Mpiga picha akawapanga, wazee katikati, watoto mbele, maharusi kulia. "Bibi harusi, mshike mwenzio mkono. Hivyo!"

Efrazia akaushika mkono wa koti. Vidole vyake vikakutana na ule mstari, vikaupapasa. Akaujua. Ulikuwa mwisho wa mkono wa Shaaban, aliokuwa ameupima mwenyewe, akicheka, barazani Mugumu. Akauachia kama unaunguza.

"Bibi harusi!" mpiga picha akapaza sauti. "Rudisha mkono. Palepale ulipokuwa."

Akainua macho kumtafuta Shaaban. Alikuwa amekwisha kukunja shuka lake tupu, futi iko shingoni, anavuka barabara kuelekea stesheni, na hakugeuka.

Efrazia akarudisha mkono palepale.