Bunduki Iliyopimwa kwa Futi ya Kushonea

Kitendawili! Nyumba yangu ndefu, haina dirisha. Mgeni wake hutoka kwa kelele, wala harudi tena. Kama hujui, kishike mkononi. Jibu litakuja lenyewe.

Binti yangu ni mshonaji. Kila asubuhi cherehani yake huimba, na mwanga wa dirishani humwagika juu ya vitambaa kama maji. Mimi hukaa kando nikikata nyuzi. Siku moja cherehani ilinyamaza ghafla. Mikono yake ilikuwa kwenye gauni, lakini macho yalikuwa mbali.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Bondeni, Mama. Kwenye umande. Baba yuko mbele, naona mgongo wake tu."

Nikamwelewa. Baba yake alikuwa mwindaji mwenye kibali. Alimwahidi kumpeleka bondeni akikua. Kifo hakipigi hodi, akatutangulia.

Sasa binti yangu alikuwa amesomea usalama na kupata kibali chake mwenyewe. Lilibaki jambo moja. Ilimpasa kupiga risasi tano ndani ya duara dogo, kwenye uwanja wa shabaha. Asipoweza, haruhusiwi kuwinda. Mara ya kwanza alishindwa. Alikuwa ameazima bunduki kubwa kama ya baba yake. Bega lilivimba, likawa na rangi ya bilinganya.

"Nitanunua kama ile ile," alisema. "Nitaizoea."

"Na viatu vya marehemu utavizoea?"

Akacheka, lakini nia haikubadilika.

Tukaenda kwa fundi wa bunduki. Watu humwita Sema Tena. Ujanani alifyatua risasi bila kuziba masikio. Sasa maneno mengi huambiwa mara mbili. Duka lake linanukia mafuta na mbao, na ndani kumetulia kama usingizini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Sema tena?"

"MARAHABA!" Vioo vya kabati vikalia.

Binti yangu alikuwa ameshainua macho ukutani, kwenye bunduki ndefu kuliko zote. "Naitaka ile, fundi. Ya shabaha, na kuwinda paa."

"Ile ni ya nyati, dada. Unataka kuua inzi kwa mchi?"

"Baba alikuwa nayo."

Fundi akamtazama kwa upole. "Kazi yako nini?"

"Nashona nguo."

"Mteja akisema, nipe gauni lile linaloning'inia, usinipime. Utampa?"

"Thubutu! Lazima nimpime kwan..." Mkono wake ukapanda shingoni. Futi ya kushonea ilikuwa bado inaning'inia pale. Alikuwa amesahau kuivua. Nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Fundi akaishusha bunduki ile ndefu, akafungua komeo lake, akachungulia ndani. Ilikuwa tupu. Akamwambia binti yangu aweke kitako cha bunduki kwenye kikunjo cha kiwiko na kunyoosha kidole kwenye kifyatulio. Kidole hakikufika. Akashusha nyingine, fupi na nyepesi kidogo. Hiyo nayo akaifungua.

"Tupu?"

"Tupu."

"Gusa kwa kidole uhakikishe. Usiamini jicho peke yake."

Akagusa. Kisha wakapima. Kidole kikafika, kikatulia. Hata hivyo akachukua futi yake, akapima tena kutoka kitako mpaka kifyatulio. Ndivyo washonaji walivyo.

"Hii ni ya komeo," fundi alisema. "Nyanyua, vuta nyuma, sukuma mbele, shusha. Kila risasi huvutiwa komeo upya. Haina haraka, kwa hiyo inamfaa anayeanza. Hata ikiwa tupu, mdomo wake usimwelekee mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kufyatua."

"Risasi je?"

"Ya wastani. Iwe inayokubaliwa na sheria kwa mnyama wako, na inayopatikana madukani. Teke la bunduki begani likiwa kali, jicho hujifumba kabla ya risasi kutoka. Ukifumba, unajeruhi. Mnyama anakwenda kufia kichakani kwa uchungu. Na darubini ya juu ya bunduki iwe mbali na jicho, kama vidole vinne, isije ikakupasua nyusi."

"Na masikio?" nikauliza.

"Sema tena?"

"MASIKIO!"

"Azibe, Bibi! Si mnaniona mimi?"

Binti yangu hakucheka. Aliitazama tena ile ndefu. "Nikiiacha, nitakuwa nimemwacha Baba."

Nikamshika bega, lile lililovimba. "Mwanangu, baba yako alikuahidi bonde. Hakukuahidi bunduki."

 Akachukua ile iliyomfaa.

Nyumbani tuliifungia kwenye sanduku la chuma. Risasi zikakaa kwenye sanduku jingine, na funguo anazo yeye. Kila wiki alikwenda uwanjani, masikio yamezibwa. Siku ya mtihani alirudi na karatasi ya shabaha, akaitandaza juu ya cherehani. Nikachukua kifungo kimoja cha koti, nikakiweka katikati. Matundu yote matano yakafunikwa.

Wiki iliyofuata alikwenda bondeni na kiongozi wa wawindaji. Alirudi saa nne, viatu vimelowa umande, mikono mitupu.

"Hukuona paa?"

"Nilimwona, Mama. Alisimama vizuri kabisa. Lakini nyuma yake kulikuwa na njia ya watu. Sikufyatua."

Kumbe mgeni wa kitendawili changu alibaki ndani ya mtutu, akatolewa polepole kwa komeo.

"Na baba yako? Uliuona mgongo wake?"

Akatabasamu, akauchukua uzi.

"Leo hapana, Mama. Leo tulitembea sambamba."