Ripita Iliyogoma Wiki Tatu

Jumamosi, kwenye duka lile la vifaa vya umeme, ukitaka kusikika sharti upaze sauti, na ukitaka kuhudumiwa sharti uwe na kiwiko kigumu. Mkalimani alikuwa navyo vyote viwili. Alipenya katikati ya wanunuzi wa balbu na warudishaji wa pasi mbovu, gauni lake la rangi ya machungwa likikwaruzwa na makatoni, akafika kaunta na kunyoosha mkono kwenye boksi la mwisho la ripita, kidude cha kusogeza waifai mbali. Mkono mwingine ulikuwa umeshalishika.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, shati la kazi la bluu limenyooshwa vizuri, na mfukoni, pale ambapo wenzake huchomeka kalamu, yeye kachomeka bisibisi.

"Samahani kaka, hilo ni langu."

"Lako tangu lini, dada?"

"Tangu nilipoliona kutoka mlangoni."

Yule bwana akafikiri kwanza. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tabia ambayo mkalimani hajawahi kuivumilia kwa binadamu yeyote. "Mimi ni fundi wa mitandao," akasema hatimaye. "Namnunulia mteja ambaye..."

"Mteja wako atasubiri. Mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma. Ruta iko sebuleni, na sebuleni mama yangu anashona mapazia kutwa kwa cherehani ya umeme. Nikikaa mbele sisikii kitu, nikienda nyuma waifai haifiki. Sasa wewe niambie, nani mwenye shida zaidi?"

Fundi akacheka, akaliachia boksi. "Chukua. Ila ikikataa kuunganika, unanipigia mimi."

"Haitakataa. Nitaunganisha mwenyewe."

"Sawa. Namba yangu hii hapa, endapo utataka kunijulisha kuwa haikukataa."

Ripita ilikataa siku hiyohiyo. Jioni mkalimani aliikodolea macho mpaka akachoka, akameza kiburi, akapiga simu.

"Taa ina rangi gani?" fundi akauliza, bila hata kuuliza ni nani.

"Nyekundu. Na neno la siri nimeliweka sawasawa, mara tano."

"Umeichomeka wapi?"

"Chumbani kwangu, kwenye shida."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mahali mtandao haufiki, ripita nayo itadaka nini? Ikae kwanza chumba kimoja na ruta, zijuane. Zikishajuana ndipo uihamishe, uiweke nusu ya njia, kwenye korido."

"Zijuane? Hivi unaongelea waifai kweli?"

"Waifai, dada. Kwa leo."

Mkalimani akajikuta anacheka peke yake na ripita mkononi, mama yake akamtazama juu ya miwani na kuendelea kushona.

Basi ikawa kila jioni. Ripita ikahamia sebuleni, taa nyekundu. Ikachokonolewa kitundu chake kwa sindano ya mama hadi ikasahau kila kitu na kuanza upya, taa nyekundu. Wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, wakazima, wakawasha, nyekundu vilevile. Wiki ya kwanza taa ilizungumzwa nusu saa. Wiki ya pili ilizungumzwa dakika tatu, muda uliobaki ukaenda kwenye mengine: mama yake fundi aliyefariki akamwacha na shangazi, uchumba wa mkalimani uliovunjika miaka mitatu nyuma, mwanamume alipoaga kuwa anakwenda kununua sigara na mpaka leo hajarudi. Mkalimani akampa fundi jina la Bwana Taratibu. Fundi akamwita Bi Pupa, kwa kuwa hakuna sentensi aliyowahi kuachiwa amalize.

Ukweli, fundi angeweza kufika pale siku ya pili tu. Na mkalimani angeweza kumwita. Lakini ripita ikikubali, kesho simu itapigwa kwa kisingizio gani? Wote wawili walilijua hilo, na kila mmoja akalimezea. Mapenzi yana ujinga wake, jamani.

Jumatatu ya wiki ya nne, barua pepe ikaingia. Kampuni inayowaunganisha madaktari na wagonjwa kwa video, ile aliyoiomba kazi mwaka mzima huku akitafsiri vyeti vya kuzaliwa, ilikuwa imemkubali kwa majaribio. Alhamisi, saa kumi jioni, daktari wa kweli na mgonjwa wa kweli. Mstari wa mwisho ulisema: mtandao ukikatika, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Bwana Taratibu, mchezo umekwisha," akasema kwenye simu. "Alhamisi saa kumi ndiyo maisha yangu."

"Nitakuja..."

"Lini? Usiniambie Alhamisi."

"Alhamisi asubuhi. Kabla ya hapo niko juu ya mapaa ya watu. Lakini saa kumi utakuwa hewani. Hilo niachie mimi."

Alhamisi saa nne akatokea, na hakuja na shati la kazi. Alivaa jeupe, ananukia sabuni, viatu vinang'aa. Mkalimani alimwona akiinama kumwamkia mama yake, akasikia joto likimpanda mashavuni. Fundi akakaa mbele ya ruta, akagusa hapa na pale, akauliza maswali yake ya polepole.

"Hii ruta nani aliifunga?"

"Kaka yangu. Majirani walikuwa wanatuibia mtandao, akawakomesha. Siku hizi ni baharia, simu yake haipatikani mpaka meli ifike bandarini."

"Akawakomeshaje?"

"Hata sijui. Mimi lazima nimpelekee mteja mapazia sasa hivi, nikichelewa mama ataninyonga. Nikirudi nikute taa ya kijani, sawa?"

"Subiri kidogo, kuna jambo nataka..."

Alikuwa ameshafika barabarani.

Mteja alimchelewesha mpaka saa saba. Aliporudi, sebule ilikuwa na wateja watatu, mama kapiga magoti anabana upindo wa pazia, pini zimejaa mdomoni. Fundi hayupo. Viatu havipo. Na ruta, iliyokuwa nzima asubuhi, inawaka taa nyekundu. Akaangalia simu yake: mtandao wa nyumbani hata jina lake halionekani.

"Mama, fundi yuko wapi?"

Mama akainua kidole: subiri.

"Kafanya nini hapa? Mbona nyumba nzima haina mtandao? Kaharibu halafu kakimbia?" Sauti ilikuwa inapanda. "Na wewe ulikuwepo hapahapa, mama, ukamwachia aondoke?"

Nyumba ile ina sheria moja. Mama hajibizani na mtu anayefoka. Ukianza kufoka yeye anaongeza pini mdomoni, na hazitoki mpaka utakapotulia. Mkalimani aliijua sheria hiyo tangu utotoni, lakini hasira haina masikio. Akapiga simu ya fundi mara saba, ikaita mpaka ikakatika. Ya nane hakupiga. Alibonyeza kitufe cha kurekodi.

"Ulijua leo ni siku gani kwangu," akasema. "Ulijua, na umevunja, na umekimbia. Wewe ni tapeli mwenye shati jeupe, wala fundi si fundi. Mwanamume wa kwanza kumfungulia mlango baada ya miaka mitatu, kumbe yaleyale. Na mimi mjinga nimeshakupenda. Nalala nakuwaza, naamka nakuwaza. Usinipigie tena."

Akautuma. Kisha akakaa juu ya majora ya vitambaa, akalia mbele ya wateja bila aibu.

Saa tisa kasoro, mteja wa mwisho akaondoka. Mama akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akajinyoosha kiuno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Yule kijana amegundua kaka yako aliiwekea ruta orodha. Kifaa kisichoandikwa kwenye orodha hakiingizwi, hata kikija na neno la siri. Ndiyo maana ripita ilikuwa inafukuzwa. Na wa kuifungua orodha ni kaka yako peke yake. Basi kijana akaniomba ruhusa, akaifuta ruta yote. Kumbe na namba za siri za kuingilia kwa kampuni ya mtandao nazo zilikuwa humohumo, zikafutika. Uso ulimbadilika, maskini. Nikampa kitambulisho changu, maana mwenye akaunti ni mimi, kakimbilia ofisini kwao kuzichukua. Hajui kama foleni itamwachia afike kabla ya saa kumi."

"Mbona hapokei simu?"

"Atapokeaje na simu kaiacha hapa? Iko dirishani, nyuma ya pazia la kijivu. Amesema inagawa mtandao, na ripita imeipokea mara moja. Kakuandikia karatasi mezani kwako. Wewe chumbani umeingia?"

Hakuwa ameingia. Kwenye korido, nusu ya njia kabisa, taa ya ripita ilikuwa ya kijani. Mezani karatasi ilisema: *Bi Pupa, neno la siri hili hapa. Bando linatosha mpaka jioni. Usiitoe simu kwenye chaja. Nakuja.* Akafungua kompyuta, mtandao ukashika kabla hajahesabu tatu.

Alirudi dirishani, akafunua pazia. Simu ya fundi, ile ambayo wateja wake wote humtafutia, imefungwa kwa utepe kwenye nondo, mlio umezimwa. Kioo kilionyesha simu ishirini na sita zisizopokelewa. Kazi yote ya siku hiyo kaiacha pale kwa ajili yake. Na chini kabisa, ujumbe mmoja wa sauti. Haujasikilizwa.

Angeweza kuufuta. Kwenye simu yake mwenyewe, mguso mmoja, unafutika kote kuwili, na fundi asingejua kamwe alichoitwa. Kidole kilifika mpaka juu ya kile kitufe. Kisha akakumbuka kilichokuwa mwishoni mwa ujumbe, na kwamba bila hasira ile asingekisema hata kwa miaka kumi. Saa kumi ilikuwa inakaribia. Akauacha.

Mgonjwa alikuwa bibi mzee, alieleza maumivu yake kwa kuzunguka, akianzia kwenye mazishi ya dada yake. Mkalimani alitamani kumdakia na kummalizia sentensi. Akajibana, akamwachia, na kwenye dakika ya nne, bila kuulizwa, bibi akataja dawa ambayo daktari hakuwa na habari nayo. Daktari akainua uso haraka. Dakika arobaini, mtandao haukutetereka hata kidogo. Msimamizi akasema, "Utaanza Jumatatu," na mkalimani akajibu kwa adabu zote, akafunga kompyuta, akaruka hadi akagonga mguu wa meza, ukapata ufa.

Fundi alimkuta bado anahema. Shati jeupe limelowa jasho, mkononi kitambulisho cha mama na karatasi ya kampuni.

"Nimechelewa," akasema. "Foleni ilikuwa..." Akanyamaza, akisubiri kukatizwa. Hakukatizwa. "Ilikuwa mpaka nje. Vipi, umepita?"

"Nimepita. Simu yako hii hapa. Kuna ujumbe wangu humo, nimekutukana. Nilitaka kuufuta, nikaona hapana. Usikilize."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mbele yangu."

Akausikiliza wote, kwa sauti, amesimama, uso hausemi kitu. Mkalimani alitamani ardhi ipasuke. Ulipokwisha, fundi akafikiri. Akafikiri muda mrefu kuliko siku zote, na mkalimani akangoja.

"Tapeli nimekubali," fundi akasema. "Wiki tatu nilijua naweza kuja, sikuja, nilikuwa nataka simu zako. Kama ningekuja mapema yasingekukuta ya leo. Sasa hayo ya mwisho, ni hasira ndiyo iliyosema?"

"Hasira imeyatoa tu. Yalikuwemo."

"Basi Jumapili nataka kuja tena. Kwenye ruta sina kazi Jumapili. Nije na shangazi yangu, tujitambulishe."

Mkalimani akamgeukia. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani lugha zote anazozijua zikamkimbia.

Kutoka sebuleni cherehani ikanyamaza. "Mwambie mchana," mama akasema. "Asubuhi nitakuwa nashona pazia la chumba chenu."