Visahani Vilivyolishwa Jumapili

Merrin na Thanasi walifahamiana sokoni Melbourne, kwenye foleni ya boreki, vitafunio vya Kituruki vya nyama. Merrin alitetemeka ndani ya koti lake jembamba la manjano, na Thanasi, bila kumjua, akampa kikombe chake cha kahawa apashe mikono. Kumbe walifanya kazi jengo moja. Thanasi alitunza seli za maabara ya chini. Merrin, ghorofa ya juu, alitengeneza rangi inayoingia ndani ya seli hai na kung'aa inapokutana na madini ya zinki, ambayo seli huitumia kupelekeana habari.

Wakapendana. Mwaka haujaisha, Merrin akashikwa na homa Jumamosi moja, akaacha visahani vyake vya seli maabarani.

Jumatatu alirudi, akatia rangi, akachungulia kwenye hadubini. Seli zote ziling'aa, hata zile zilizopaswa kubaki nyeusi. Alhamisi wakubwa wangekuja kuangalia. Rangi ikionekana inadanganya, kazi yake ya miaka ingefungwa. Mlinzi akamwambia Merrin kwamba Thanasi alipanda huko Jumapili.

Alimpigia simu. "Uligusa seli zangu?"

"Ndiyo, mpenzi, nili..."

Akakata. Hakuelewa. Mtu huyu anampenda, au anamharibia? Thanasi naye alibaki ameishika simu, hajui kosa lake. Jioni akaacha mlangoni kwa Merrin supu ya kuku na limau, ndani ya sufuria ya mama yake, akaenda zake.

Merrin aliinywa akiwa amesimama. Kisha akapiga tena.

"Niambie polepole. Ulifanya nini?"

"Nilizilisha. Chakula chake hakikuwa na maji ya damu ya ndama yanayozikuza, nikajua homa imekusahaulisha. Nikaona zitakufa njaa."

Merrin akakaa chini. "Thanasi, nilizishindisha njaa makusudi. Maji ya damu yana zinki, nami nilitaka ziikose."

"Kwa hiyo rangi yako..."

"Ilisema kweli tupu. Wewe ndiye uliyezishibisha, bwana."

Jumatano, ndani ya chumba cha giza cha hadubini, walitazama pamoja visahani vipya viwili: chenye njaa kilikuwa cheusi, kilicholishwa kiling'aa kijani.

"Siku nyingine ukitaka kunitendea wema, uliza kwanza," Merrin alisema.

Thanasi akamgeukia. "Basi nauliza. Nikuoe?"

Merrin hakutoa jicho kwenye hadubini, lakini mkono wake ulikuwa umeshautafuta wa Thanasi.

"Nioe. Ila mwambie mama yako sufuria haitarudi."