Doa Nyuma ya Makabati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mareike Dombek alifungua madirisha yote ya nyumba yao, hata barafu ikiwa imeganda kwenye vioo. Watu wote wa jengo letu la Gelsenkirchen, Ujerumani, walifanya hivyo. Kampuni iliyotupangisha ilikuwa imebandika amri ngazini: hewa ibadilishwe asubuhi na jioni, la sivyo kuvu ikiota ukutani, kosa ni la mpangaji. Karatasi ya amri ilibadilishwa kila ikichakaa. Ngazi zenyewe hazikuwa zimepakwa rangi tangu mgodi wa makaa wa mji wetu ulipofungwa.

Mareike alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilala chumba kimoja na mdogo wake Tilo, mtoto wa miaka minne. Chumba kilikuwa chembamba, ukifungua mlango wa kabati unagonga kitanda. Ndiyo maana vuli ile baba yao, Holger, alinunua makabati mawili ya kutundika, yenye milango ya kuteleza. Ukuta uliokuwa mtupu ni mmoja tu, ule wa nje. Baba akatoboa, Mareike akamshikia pimamaji na kumpa skrubu.

"Fundi mdogo, limekaa sawa?" Baba aliuliza.

"Limeinama kama wewe ukitoka mpirani."

Baba akacheka, akalinyoosha, akalikaza mpaka likagandana na ukuta.

Baridi ilipochacha, rafiki yake Jette alimnusa sweta darasani, akamwuliza kama siku hizi analala stoo na viazi. Wenzao wakacheka. Mareike alirudi nyumbani, akasukuma mlango wa kabati, akatoa nguo. Ubao wa nyuma ulikuwa na doa jeusi lenye manyoya, pana kuliko sahani.

Alikumbuka asubuhi chache alizoacha madirisha yamefungwa kwa sababu Tilo alikuwa anakohoa na baridi ilimliza. Alimkumbuka pia afisa wa kampuni, aliyekuja mwaka uliopita walipolalamikia unyevu. Afisa yule alimkazia macho yeye, mtoto, akasema familia isiyofungua madirisha inajitafutia ugonjwa yenyewe. Basi Mareike akafuta doa kwa siki, akarudisha nguo, akatelezesha mlango. Doa likarudi. Akafuta tena, akafunga tena.

Kifua cha Tilo kikaanza kulia kama filimbi. Daktari alipouliza kama nyumbani kuna kuvu, mama yao, Anke, alisema hakuna, maana hakuwa ameiona. Mareike alikuwa amekaa pale pale. Alitazama viatu vyake.

Jumapili moja, mezani, Tilo aliangusha mkate, midomo ikawa ya bluu. Gari la wagonjwa likamchukua yeye na mama yake. Baba alibaki mlangoni ameshika kiatu kimoja cha mtoto.

"Baba," Mareike akasema, "kuna doa ndani ya kabati. Nililificha. Ni mimi sikufungua madirisha."

Baba akakiweka kiatu chini. Alichukua bisibisi, akalegeza skrubu moja moja, akashusha makabati yote mawili. Ukuta ulikuwa mweusi toka dari hadi sakafu, na maji yanachuruzika. Akatugongea milango sisi majirani, tukapanda, tukaona kwa macho yetu.

Afisa alikuja kesho yake, hakuvua hata glavu.

"Bwana Dombek, haya ndiyo matunda ya kutofungua madirisha. Tena makabati mmeyabana ukutani, hewa itapita wapi?"

"Kubana nimebana, hilo ni langu," Baba akasema. "Maji si yangu. Leta fundi abomoe."

Tulisimama mlangoni, hatukumpisha mpaka fundi alipoitwa. Ndani ya ukuta bomba la maji ya mvua lilikuwa limepasuka, nalo limezungushiwa utepe uliooza. Mtu wa kampuni aliuona ufa ule zamani, akaufunga, akapaka rangi juu, kisha kodi zetu zikapandishwa. Wao wamesahau. Sisi hatujasahau.

Bomba likabadilishwa, ukuta ukakaushwa. Tilo alirudi na kidude cha kuvuta dawa, ambacho huenda akakitumia maisha yake yote. Baba akatundika makabati upya, safari hii akiweka vipande vya mbao nyuma ili hewa ipite. Mareike alishika pimamaji, ila hakutania.

Mama yake akamketisha kitandani.

"Kosa lingekuwa lako, ungesema, doa tungelifuta pamoja," akamwambia. "Halikuwa lako, na bado ukawafichia wakubwa wale wa kampuni uchafu wao ndani ya kabati letu, Tilo akauvuta usiku kucha. Ukiona jambo, sema. Hata kwa daktari, hata kama mimi mama yako nimeshasema hakuna."

Mareike akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akasukuma milango yote ya makabati mpaka mwisho, akaiacha wazi.