Waya wa Kumfikia Ashatu

Rajabu hakuwa amefungua mdomo pale redio ya jikoni iliposema, "Mama."

Alikuwa fundi redio hapo Bagamoyo, kazi aliyojifunza jeshini wakati wa vita vya Burma. Alijiundia mtambo mdogo wa kurushia sauti, ili akiwa kibandani kwake mbele ya nyumba amwite mkewe Sihaba kupitia redio ya jikoni bila kupiga kelele. Ofisa wa posta alimwonya: bila leseni, waya wake wa antena usizidi urefu wa mtu na sauti isivuke ua. Rajabu alitii.

"Umeniita?" Sihaba alitoka mbio, macho yamemtoka.

"Sijasema kitu."

"Basi ni Ashatu."

Ashatu, mtoto wao wa pekee, walimzika mwaka uliopita, nyuma ya ua.

Kesho yake Rajabu aliukuta waya umeungwa, umepandishwa hadi paani. Kesho kutwa ulikuwa umevuka ua. Kila ulivyorefuka sauti ilizidi kusogea karibu, na jikoni kulinuka nywele zilizoungua.

"Bado kidogo, mama," ilisema. "Nisogezee."

Rajabu akamwita Mwalimu Pazi, mganga wa majini. Mzee alinusa mlangoni, akarudi nyuma.

"Kinafuata waya," alinong'ona. "Ukate kabla haujafika kaburini."

Rajabu alikimbia nyuma ya ua, akamkuta Sihaba amepiga magoti kaburini, ncha ya waya mkononi, na kutoka jikoni ile sauti ikicheka na kuhema kwa pamoja, ikiita mama, mama, mama, bila kupumzika, huku mchanga wa kaburi ukititia taratibu kana kwamba kuna anayeuvuta kutoka chini.

"Sihaba," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto wetu alikufa hajajua kusema."

"Najua. Kwani huko hawakui?"

Rajabu akaubana waya kwa koleo.

"Baba, usinikate!"

Akakata.

Harufu ikaondoka, mchanga ukatulia. Mwalimu Pazi akasoma dua, akasema jini limekwenda, halirudi tena. Sihaba hakulia. Alikunja kanga zake, akarudi kwao Zinga, na huko akaomba talaka.

Jioni ya siku Sihaba alipoondoka, Rajabu aliketi kibandani, akawasha mtambo.

"Ashatu," aliita. "Ni baba."

Kutoka jikoni alijisikia mwenyewe akisema, Ni baba. Akaita tena na tena, mpaka betri ikafa.