Sauti Nyuma ya Kiti cha Mwisho

Siku ya tatu ya mazoezi, fundi cherehani alisikia mtu akitoa maelekezo kabla yake.

Kwa miaka mingi alikuwa akiwashonea waigizaji mavazi. Sasa mjomba wake, mwongozaji mkongwe wa michezo ya jukwaani, alikuwa akimfundisha kazi: achore kwa chaki mahali pa kila mwigizaji, kisha akae kiti cha mwisho ukumbini asikilize kama sauti zinafika. Hapo ndipo alipokuwa saa sita mchana, mgongo ukigusa ukuta, akitaka kumwambia mdogo wake wa kike, mmoja wa waigizaji waliokuwa jukwaani, asogee kushoto.

"Sogea kushoto," sauti ilinong'ona kisogoni pake.

Mdogo wake akasogea.

Fundi aligeuka, akaona ukuta mtupu. Akajiambia ni mwangwi, ingawa mwangwi haumtangulii msemaji, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imeanza kumkaba.

"Panda."

Mdogo wake akaishika ngazi ndefu ya mafundi wa taa, akapanda kidato kwa kidato bila kupepesa macho, wenzake wakicheka wakidhani ni utani, mpaka alipofika juu kabisa akaachia mkono mmoja, kicheko kikawakauka midomoni, wakabaki wakiutazama mguu wake ukining'inia hewani huku ile sauti ikivuta pumzi, tayari kutoa amri ya tatu.

Mjomba alimshika fundi bega, akamwambia asipige kelele.

"Mwigizaji hatembei bila sababu," alinong'ona. "Mpe sababu ya kushuka. Upesi."

Fundi alisimama. "Mdogo wangu," alisema, "mwanao ameamka. Anakulilia."

Kisha ule mguu ukatafuta kidato cha chini.

Alipogusa sakafu alizimia. Mganga aliitwa, akamsomea na kumfukizia mpaka jini akatoka, akilalamika kwa kinywa cha mgonjwa kwamba ukumbi ni wake na hakuna aliyemwomba ruhusa. Hawakurudi tena pale. Mchezo ulionyeshwa kwingine, watu wakapiga makofi, na fundi akaanza kuitwa mwongozaji.

Wiki moja baadaye, shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimjia faragha. Alisema mkewe ni mzima, anakula, anacheza na mtoto. Ila kila asubuhi humkuta amesimama katikati ya chumba, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza.

"Nikimuuliza anangoja nini," alisema shemeji, "ananiambia ninyamaze. Eti bado hajaambiwa."