Najua Avua Gayogayo

Kila Jumamosi maji yakipwa, Shangazi hushuka kwenye maji ya magotini kuvua gayogayo, wale samaki bapa wanaolala mchangani. Jumamosi moja alifuatana na binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani walimbandika jina la Najua, maana kila alichoambiwa alijibu hivyo kabla hakijamalizika.

Njiani Shangazi alimweleza jinsi ya kumtambua gayogayo. "Najua," akajibu, akili yote ikiwa kwa kaa waliokuwa wakikimbizana ufukweni. Akaambiwa aburute miguu, asiinyanyue. Hilo nalo akasema analijua.

Majini alitembea kama anayeruka madimbwi. Mchanga ukatibuka, samaki wakatimka. Shangazi akamkanya, punde Najua akarudia yaleyale. Kapu lilikuwa tupu na maji yalikuwa karibu kujaa.

Ndipo Najua akaona umbo bapa limejifukia. Akainama, akanyoosha mkono. Mara akavutwa ukosi wa shati hadi akakaa kitako majini. Lile umbo likachomoka, mkia wake mrefu ukifuata nyuma kama mjeledi.

"Yule ni taa," Shangazi alisema. "Mkiani ana mwiba wenye sumu. Nilikuambia nini njiani?"

Machozi yakamlengalenga Najua. "Sikusikiliza, Shangazi. Gayogayo simjui. Naomba unieleze tena."

Shangazi akaanza upya, uso bado ameukunja. Gayogayo hana mkia mrefu, na macho yake yote mawili yako upande mmoja. Ukiburuta miguu, taa huhisi mtikisiko akaenda zake. Gayogayo, asiposhtuliwa na kishindo, hujiona amejificha vya kutosha, akatulia mpaka umkanyage.

Najua akaburuta miguu mpaka mapaja yakamuuma. Hatimaye kitu kikafurukuta chini ya mguu wake. Hakukigusa. Alimwita Shangazi, wakakiangalia pamoja: macho upande mmoja, mkia mfupi. Ndipo akaambiwa ambane nyuma ya kichwa, akamtia kapuni.

Walipokuwa wakirudi, samaki huyo mmoja tu kapuni, Shangazi alisema, "Leo umenichosha hasa. Mtoto akiniambia hajui, nitamfundisha hata mara kumi, wala sitamcheka. Lakini anayesema anajua na hajui, mimi nitamfundisha saa ngapi? Nitabaki kumvuta ukosi tu, na siku nyingine sitakuwa karibu."